Kisasi cha kimyakimya: Tamthilia za ikulu zinawafunza nini binti zetu?

Ukipita mtaani kwetu saa tatu usiku utasikia sauti zilezile zikitoka nyumba hadi nyumba. Mwanamke anaongea polepole, kwa Kiswahili fasaha kuliko chetu, na midomo yake haiendani na maneno. Amevaa gauni la mahameli na taji kichwani. Anamwambia mwenzake, kwa tabasamu, kwamba sharubati ya leo ni tamu sana. Sisi tunaoangalia tunajua kwamba kabla ya tangazo la sabuni kuna mtu atalia.

Hizi ndizo tamthilia za ikulu: za Kituruki, za Kichina, za Kikorea. Zimeingia majumbani kwa ving'amuzi, kwa flashi na kwa simu, nyingi zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Kina baba hujifanya hawaangalii, lakini ukikosa sehemu moja, wao ndio watakaokusimulia.

Sikuja hapa kuzikataza. Mimi mwenyewe ni mpenzi wake, na mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ni mpenzi zaidi yangu. Lakini sebuleni hatukai watu wazima peke yetu. Yupo binti yangu wa kidato cha pili na mdogo wake wa kiume wa darasa la tano. Kila usiku wanamwona mwanamke aliyeonewa akinyamaza, akitabasamu, akisubiri, kisha akimwangamiza aliyemwonea bila kuinua sauti. Nikajiuliza: wanachukua nini kwenda nacho shuleni?

Kwa nini zinatunasa

Tuanze kwa kusema ukweli. Tunazipenda kwa sababu tunajiona ndani yake. Mwanamke aliyewahi kukaa ukweni anajua maana ya kuambiwa neno mbele ya watu na kulimeza. Dada wa kazi anajua. Mfanyakazi wa ofisini ambaye bosi wake hujipa sifa za kazi aliyoifanya yeye, anajua. Tunapomwona mtu aliyedharauliwa akipanda ngazi moja baada ya nyingine, huku wale waliomcheka wakishuka, roho inatulia. Ni kama tumelipwa sisi.

Wala si jambo geni kwetu watu wa pwani. Muda mrefu kabla ya king'amuzi, wanawake wa Tanga, Mombasa na Unguja walikuwa na njia zao za kusema bila kusema. Kanga ina maneno yake, na ukiivaa ukapita mlangoni kwa mtu, umemaliza, akija juu unamwambia, "Kwani mimi nimesema nini? Hii kanga imeandikwa kiwandani." Kwenye taarabu mtu huinuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji pale panapofika ubeti unaomhusu hasidi wake, anacheza mbele ya meza yake, kisha anarudi kukaa. Hakuna tusi lililotolewa, na ukumbi mzima umeelewa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo Hürrem wa Istanbul alipoingia sebuleni kwetu, hakuwa mgeni kabisa.

Hürrem wa kweli

Tumtazame huyo Hürrem, kwa kuwa ndiye anayejulikana zaidi. Tamthilia yake, Muhteşem Yüzyıl kwa Kituruki, ilianza kuonyeshwa Uturuki Januari 2011 na kuisha Juni 2014, ikiwa na sehemu 139. Mwandishi wake, Meral Okay, alikuwa mwanamke, na alifariki dunia mwaka 2012 kabla hadithi haijafika mwisho.

Mtu mwenyewe aliishi kweli. Alikuwa msichana kutoka eneo ambalo leo ni Ukraine, akatekwa na wavamizi wa Kitatari, akauzwa, akafikishwa ikulu ya Sultani Suleiman, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566. Desturi ya ikulu ilikuwa kwamba mjakazi akishamzalia sultani mtoto wa kiume, hazai naye tena; kazi yake inakuwa kumlea huyo mtoto na siku moja kuondoka naye kwenda mkoani atakakopewa kutawala. Hürrem alivunja desturi hiyo. Alizaa watoto sita, watano wa kiume. Katika miaka ya 1530 akaachwa huru na kuolewa kwa ndoa kamili, jambo lililoushangaza mji mzima.

Tamthilia inatuonyesha vita yake na Mahidevran, mama wa mtoto mkubwa wa sultani, Mustafa. Sumu, fitina, barua za uongo, vijakazi wapelelezi. Na sisi tunashika upande. Nyumbani kwangu mimi niko kwa Hürrem, mama mkwe yuko kwa Mahidevran, na kuna usiku tumelala bila kuagana vizuri kwa sababu ya wanawake waliokufa miaka zaidi ya 400 iliyopita.

Lakini kuna jambo ambalo tamthilia hulipitia haraka, na ndilo la kumweleza mtoto. Wale kina mama hawakuwa wakigombania pete wala mapenzi tu. Tangu enzi ya Sultani Mehmed II, dola ile ilikuwa na kanuni iliyomruhusu mwana anayerithi kiti kuwaua ndugu zake wa kiume ili kusiwe na vita vya kugombea ufalme. Mwaka 1595 Sultani Mehmed III alipopanda kitini, ndugu zake 19 waliuawa. Fikiria wewe mama, una watoto wa kiume, na unajua kwamba siku mtoto wa mwenzako akiwa sultani, wako wanakwenda kaburini. Ungefanya nini? Ungelala?

Kwa hiyo wivu tunaouona kwenye skrini ulikuwa na mzizi, na mzizi huo haukupandwa na mwanamke yeyote kati ya wale tunaowalaani usiku.

Daftari la Biolojia

Sasa nirudi kwangu. Muhula uliopita binti yangu alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana. Baba yao alipokaa miezi minne bila mshahara tuliuza friji, na binti yangu akamwambia rafiki yake jambo hilo kwa siri. Baada ya siku chache darasa zima lilikuwa likimwita kwa jina la friji. Sikulijua hilo wakati ule. Nilichokiona nyumbani ni mtoto mtulivu, mwenye adabu, anayeosha vyombo bila kuambiwa.

Wiki ya tatu aliacha daftari la Biolojia juu ya meza ya chakula, limefunguka nyuma. Nikaona orodha. Yalikuwa majina, na mbele ya kila jina jambo: huyu aliiba kalamu ya mwalimu, huyu ana barua ya mvulana, huyu mama yake hivi na hivi. Jina la kwanza lilikuwa la yule rafiki yake, na mbele yake mambo manane. Chini ameandika tarehe ya mahafali ya kidato cha nne, siku ambayo shule nzima na wazazi hukusanyika.

Na muda wote huo alikuwa bado akikaa naye dawati moja, wakigawana maandazi.

Nilimwita chumbani. Hakukataa wala hakulia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, Hürrem hakuwahi kuwapigia kelele. Alisubiri."

Nilimjibu kwanza kama shabiki mwenzake. Nikamwambia Hürrem wa tamthilia alipiga kelele sana mwanzoni, mpaka ikulu nzima ikamchoka. Kunyamaza alijifunza baadaye. Akacheka kidogo, na hapo ndipo mlango ukafunguka. Akanieleza habari ya friji. Akaeleza mchana anaokaa darasani wakati wa mapumziko akijifanya anamalizia kazi. Nilimwacha aseme mpaka akaisha.

Kisha nikamwambia tuhesabu pamoja, nani alipata nini pale Istanbul.

Hesabu ya ushindi

Hesabu hiyo iko hivi, na unaweza kuifanya na mwanao.

Mustafa, mtoto wa Mahidevran, aliuawa mwaka 1553 katika hema la baba yake, kambini, kwa amri ya baba huyohuyo. Watu wengi wakati ule waliamini Hürrem na mkwe wake Rüstem Pasha ndio waliomtia sultani maneno. Mtoto mdogo wa kiume wa Mustafa naye akauawa. Mwaka huohuo Cihangir, mtoto wa mwisho wa Hürrem, naye akafariki. Mkubwa wake, Mehmed, alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa mwaka 1543.

Hürrem akabaki na wana wawili wakubwa, Selim na Bayezid. Mshindani hayupo. Njia nyeupe. Yeye mwenyewe akafariki mwaka 1558, hakuwahi kuwa mama wa sultani hata siku moja. Mwaka uliofuata wanawe hao wawili, wa tumbo moja, wakapigana vitani karibu na Konya. Bayezid akashindwa, akakimbilia Uajemi pamoja na wanawe, na huko wakauawa mwaka 1561. Selim akachukua kiti mwaka 1566.

Na Mahidevran aliyeshindwa? Aliishi Bursa, kwa miaka mingi akiwa katika dhiki, karibu na kaburi la mwanawe. Alifariki mwaka 1581. Aliishi kuliko Hürrem kwa miaka 23, kuliko Suleiman, kuliko hata Selim.

Binti yangu alinyamaza. Akauliza, "Kwa hiyo nani alishinda?" Nikamwambia hilo ndilo swali ambalo tamthilia haiulizi, kwa sababu inazima muziki pale adui anapoanguka. Sisi tunaoishi hatuna pa kuzimia. Ukimwaibisha mwenzako siku ya mahafali, Jumatatu utarudi darasa lilelile, kwenye dawati lilelile, na kila mwenye siri atakuogopa. Kuogopwa si kupendwa, na wala si usalama.

Nilimwambia pia jambo jingine kuhusu Hürrem, ambalo halina sumu ndani yake. Alijenga. Istanbul alijengewa msikiti, shule, jiko la kulisha maskini na hospitali, kazi ya msanifu mkubwa Sinan, na jina la Haseki, cheo chake, liko kwenye hospitali ya mji ule hadi leo. Jerusalem alianzisha mwaka 1552 jiko la kulisha wahitaji, na jiko hilo bado linapika. Msichana aliyeuzwa sokoni akafika mahali pa kulisha watu kwa karne nne na nusu. Hiyo nayo ni nguvu ya kimya, ila haina sehemu ya kusisimua, kwa hiyo haionyeshwi sana.

Vita vya panzi

Neno lililonikaa zaidi lakini halikutoka kwangu. Lilitoka kwa mama mkwe.

Ilikuwa usiku mwingine, Mahidevran amefukuzwa, anapanda gari la farasi akilia. Mimi nikasema, "Afadhali, amezidi." Mama mkwe, ambaye kwa kawaida angenijibu, safari hii alikuwa akimtazama Suleiman. Sultani alikuwa dirishani, mikono nyuma, akiangalia bustani.

"Mwanangu," akaniambia, "hebu mtazame huyo. Wanauana kwa ajili yake, naye anatazama maua. Neno moja tu kutoka kwake lingemaliza haya yote. Vita vya panzi, furaha ya kunguru."

Kisha, bila kuulizwa, akatusimulia. Aliishi uke wenza miaka 11. Yeye na mke mwenzake hawakuwa na maneno ya kinywa. Walizungumza kwa kanga. Huyu akivaa hii, yule anatafuta ya kumjibu. "Na hela ya kanga zote," akasema, "alitoa yeye."

Mzee alipofariki, wajane wote wawili walikaa eda nyumba moja, miezi minne na siku kumi. Hakuna pa kwenda, hakuna wa kumpiga kijembe, hakuna kanga ya kuvaa ya maringo. Mwezi wa pili mmoja akauliza, "Hivi mwenzangu, kwa nini ulisema mimi nilimroga mwanao?" Mwingine akashangaa: "Mimi? Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyesema hivyo." Wakaanza kufungua mzigo mmoja baada ya mwingine. Karibu maneno yote waliyopigania kwa miaka 11 hayakuwahi kusemwa na yeyote kati yao. Yalibebwa. Na mbebaji walikuwa wamemzika pamoja.

"Tulilia upya," alisema. "Lakini kilio hiki hakikuwa cha kumlilia yeye."

Yule mke mwenza ndiye aliyemuuguza mama mkwe alipovunjika nyonga, na alipofariki, mama mkwe alikaa msibani siku zote kama ndugu wa damu.

Mume wangu alikuwa amekaa palepale, na anayesimuliwa ni baba yake. Alichukua rimoti akapunguza sauti ya televisheni, akabaki ameishika. Baadaye usiku aliniambia kwamba siku ile niliyogombana na mama yake juu ya nazi na mafuta ya kupikia, angeweza kusema neno, akachagua kwenda kuangalia mpira. Sikumwongezea kitu. Tangu hapo, likitokea jambo baina yangu na mama, anatukalisha wote wawili na kusema anachokijua. Hatupatani kila mara, lakini hakuna neno linalobebwa.

Unguja nako kulikuwa na ikulu

Kwa wanaodhani haya ni ya Istanbul tu, nendeni Mtoni, njia ya Bububu, mkaone magofu. Pale alizaliwa mwaka 1844 Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kisirkasi, aliyetekwa angali mtoto kutoka nchi za mbali za Kaukazi, kama wengi wa wanawake tunaowaona kwenye tamthilia.

Salme aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886, na humo anaeleza maisha ya kina mama wa ikulu. Anamtaja Bibi Azza binti Seif, mke mkuu wa sultani: mdogo wa umbo, hakuwa na mtoto, lakini mwenye uwezo mkubwa juu ya mumewe. Anaeleza pia jinsi yeye Salme alivyojifunza kuandika. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye akachukua mfupa wa bega la ngamia na kunakili herufi peke yake mpaka akajua.

Ujuzi huo wa siri ulimpa uzito ambao hakuutarajia. Baba yake alifariki mwaka 1856, na mwaka 1859 kaka yake Barghash alipopanga kumpindua Majid, aliyekuwa sultani, alihitaji mtu wa kuandika barua asiyeshukiwa. Akawa Salme, binti wa miaka 15. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na ndugu wakagawanyika. Baadaye Salme aliondoka Unguja na kuolewa na Mjerumani. Barghash alipokuwa sultani, Salme alirudi mwaka 1885 akitafuta haki yake. Kaka ambaye aliwahi kumwandikia barua hakukubali kumpokea.

Nilipomsimulia binti yangu, alishikwa na ule mfupa wa ngamia. Nikamwambia, na mimi ndio uliyonishika. Kalamu ile ilikuwa na nguvu. Tatizo lilikuwa vita iliyotumiwa.

Njia nyingine ya kulipa

Si kila tamthilia ya ikulu inafundisha sumu. Serikali na wakubwa huko zilikotoka wamezilalamikia kwa sababu zao. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu wa Uturuki, aliishutumu ya Suleiman kwamba inamwonyesha sultani yuko na wanawake wakati maisha yake yalikuwa vitani juu ya farasi. Januari 2019 gazeti la Beijing Daily lilizishambulia zile za Kichina kwa kusifia anasa na fitina, muda mfupi baada ya Story of Yanxi Palace, ya msichana anayeingia ikulu kutafuta aliyemuua dada yake, kuvuma dunia nzima. Malalamiko yetu wazazi si hayo. Sisi tunataka kujua mtoto anaondoka na nini.

Kwa hilo, nawashauri mtafute ile ya Kikorea, Dae Jang Geum, ya mwaka 2003 na 2004, sehemu 54. Jang-geum alikuwa mtu wa kweli pia. Kumbukumbu za Mfalme Jungjong, aliyetawala 1506 hadi 1544, zinamtaja kama tabibu mwanamke wa ikulu. Katika tamthilia, mama yake alidhulumiwa na wenzake wa jikoni mwa mfalme. Binti anaingia jiko hilohilo, anajifunza kupika, anasingiziwa, anahamishiwa kisiwa cha Jeju. Huko hakai akipika sumu. Anasomea utabibu. Anarudi akiwa na kazi mkononi ambayo hakuna anayeweza kumnyang'anya, na anakusanya ushahidi mpaka waliomdhulumu mama yake wanajulikana mbele ya sheria.

Nina jirani ambaye ni Jang-geum wetu. Mume wake alipofariki, mashemeji walikuja na kirikuu siku ya tatu wakasema kila kitu ni cha kaka yao. Hakubishana. Alikuwa na kopo la biskuti ambalo kwa miaka yote aliweka stakabadhi: ya kiwanja, ya mabati, ya cherehani, ya friji, nyingine zina jina lake na hela ya vitumbua vyake. Shauri la mirathi lilipofunguliwa mahakama ya mwanzo alilibeba kopo lile mikononi. Alibaki na nyumba na watoto wake. Mpaka leo mashemeji wale wakija mjini anawapikia. Niliwahi kumuuliza anawezaje. Akasema, "Nilitaka nyumba, sikutaka damu yao."

Tukae nao, tuulize

Basi mzazi mwenzangu, usiizime televisheni, na usiondoke sebuleni. Kaa na watoto, kisha uliza maswali mawili matatu wakati wa matangazo.

Uliza: nani hapa angeweza kumaliza ugomvi huu kwa neno moja, na kwa nini halisemi? Uliza swali hilo hasa mbele ya mtoto wa kiume. Mwanangu wa darasa la tano alijibu haraka, "Sultani," kisha akasema, "lakini yeye anafaidika." Ana miaka kumi na moja.

Uliza: huyu akishalipiza, kesho ataishi na nani?

Na zaidi ya yote, mfundishe mtoto kutofautisha vimya. Kuna kimya cha mtu anayejenga: anasoma, anaweka akiba, anatunza stakabadhi. Hicho mwache nacho. Kuna kimya cha anayehesabu siku za kumwangusha mwenzake. Hicho kinamla mwenyewe kwanza. Na kuna kimya cha tatu, kibaya kuliko vyote, cha mtoto anayeumizwa na mtu mzima, au anayetishwa ili asiseme. Hicho si nguvu hata kidogo, hata kama mwanamke wa kwenye skrini amekifanya kionekane cha kifalme. Mtoto ajue kwamba kwa jambo la namna hiyo anaruhusiwa kupiga kelele mpaka mtaa wote uamke, na kwamba sisi tutakuwa wa kwanza kumwamini.

Binti yangu hakumsubiri rafiki yake mpaka mahafali. Alimwambia usoni, siku ya Alhamisi, chini ya mwembe wa shule: nilikuamini, ukanitangaza. Rafiki alikataa kwanza, kisha akakubali, kisha akalia. Hawakai tena dawati moja. Yale mambo manane hayakusemwa kwa mtu. Ile kurasa ya nyuma ya daftari aliichana mwenyewe na kuwashia jiko la mkaa, tukaivishia maharage. Na somo la Biolojia, kwa taarifa yenu, muhula huu amepata alama 74.